Mizani ya Mtu Wetu

Nchini Kenya, neno "maelewano" lina picha yake. Ni wanaume wawili wenye suti wanashikana mikono huku macho yao yakiwa kwa kamera. Februari 28, 2008, nje ya Jumba la Harambee, walikuwa Mwai Kibaki na Raila Odinga, Kofi Annan akiwa kando yao. Machi 9, 2018, kwenye ngazi za jumba lilo hilo, walikuwa Uhuru Kenyatta na Raila. Machi 7, 2025, pale KICC, walikuwa William Ruto na Raila. Na kila mara sisi tuliambiwa tuweke tofauti zetu kando, kwa sababu Kenya ni kubwa kuliko mtu yeyote.

Siwadharau waliotia sahihi mwaka wa 2008. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefurushwa makwao. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni kwamba baada ya siku ile wazazi waliturudishia ruhusa ya kucheza nje. Karatasi inayozuia panga ni karatasi nzuri, hata kama walioitia sahihi waligawana mawaziri wiki chache baadaye. Lakini nimekua nikiona jambo jingine. Kila wakubwa wanapoelewana, sisi huku chini tunaamka na shida zile zile tulizolala nazo, ila sasa hakuna aliyebaki upande wa pili wa kuzisema kwa sauti.

Kwa hivyo nina swali, na ni la maadili kuliko la siasa, ingawa hapa kwetu hayo mawili hupanda matatu moja. Watu wa mirengo tofauti wanaweza kuwa na msingi gani wa pamoja? Lazima wakubaliane? Lazima wakutane katikati? Ama ni lazima mmoja wao anyamaze?

Hebu tuanze na wakubwa wenyewe. Mwaka wa 2002 Raila alimuunga mkono Kibaki dhidi ya Uhuru, na Ruto alikuwa upande wa Uhuru. Mwaka wa 2007 Ruto alikuwa na Raila ndani ya ODM, Uhuru akiwa na Kibaki. 2013 na 2017 Uhuru na Ruto walikuwa chanda na pete dhidi ya Raila. 2022 Uhuru alikuwa na Raila dhidi ya Ruto. 2024 watu wa Raila waliingia katika serikali ya Ruto, na John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, akawa waziri wa fedha. Mwaka uo huo, mwezi wa Oktoba, Seneti ilimng'oa Rigathi Gachagua kwenye kiti cha naibu wa rais, naye akahamia upinzani. Chukua karatasi uchore mistari. Kila mmoja amewahi kuwa na kila mmoja.

Sasa chora mistari ya mtaani kwako. Nani amehama? Katika familia yetu kuna mjomba na shangazi ambao hawajasalimiana tangu 2017. Walikosana kwenye grupu ya WhatsApp kuhusu Uhuru na Raila. Miezi michache baadaye Uhuru na Raila walishikana mikono wakaitana ndugu. Hawa wetu bado. Harusi ya binamu yangu ilibidi wakalishwe meza tofauti, mmoja karibu na jukwaa na mwingine karibu na jikoni, na bado kuna mtu wa kamati aliyelaumiwa kwamba aliyewekwa karibu na jikoni alionewa.

Hapo ndipo watu hutoa majibu mawili, na yote mawili hayaniridhishi.

La kwanza utalisikia kwenye kibanda chochote cha chapati: "Wote ni wale wale." Naelewa uchovu wa anayelisema. Lakini jibu hilo lina raha yake iliyofichika. Kama wote ni wale wale, sina haja ya kufuatilia nani alifanya nini. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa bungeni Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Hao 195 na hao 106 hawakuwa wale wale siku hiyo. Kila mmoja wao ana jina na eneobunge. Ukisema wote ni wale wale, wa kwanza kukushukuru ni yule aliyepiga kura ambayo hataki uikumbuke.

Jibu la pili ni la wahubiri wa amani: "Tukutane katikati." Linapendeza sikioni, na kwa mambo mengine linafaa. Wewe unataka ushuru wa asilimia 20, mimi nataka 10, tukubaliane 15, maisha yaendelee. Lakini kuna mambo hayana katikati. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu waliouawa kwa makumi. Kuna watu, tena wenye elimu zao, walioniambia hakuna aliyekufa, ati ni picha za intaneti tu. Mmoja akisema hamsini wamekufa na mwingine aseme hakuna hata mmoja, ukweli si ishirini na tano. Nusu mkate inaweza kugawa wizara. Haiwezi kugawa maiti.

Mimi nina mrengo. Sitakuambia ni upi, kwa sababu ukishajua utasoma sehemu iliyobaki ukitafuta ushahidi dhidi yangu, au ukinipigia makofi hata pale nisipostahili. Kuwa na mrengo si dhambi. Mtu anayejali jambo lazima asimame mahali fulani. Shida inaanza pale mrengo unapogeuka mizani, yaani unapoacha kuuliza "Je, jambo hili ni sawa?" ukaanza kuuliza "Je, ni mtu wetu aliyelifanya?"

Chukua mfano wa Mahakama ya Juu. Septemba 1, 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa Uhuru. Wafuasi wa Raila walicheza barabarani. Mahakama ilikuwa imeikomboa nchi. Uhuru alisema ataheshimu uamuzi, kisha akawaita majaji wakora. Septemba 5, 2022, mahakama ile ile, sasa chini ya Martha Koome, ilidumisha ushindi wa Ruto kwa kauli moja ya majaji saba. Waliocheza barabarani 2017 wakasema mahakama imenunuliwa. Walioiita ya wakora wakagundua kwamba mahakama ni nguzo ya taifa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sisemi kwamba mahakama haikosei. Inawezekana ilikosea 2017, inawezekana ilikosea 2022, inawezekana mara zote mbili. Lakini anayetaka kusema hivyo anapaswa kuzungumzia fomu, sava, sheria na sababu zilizotolewa na majaji. Ukiondoa majina ya wagombea kwenye hukumu zote mbili ukampa mtu azisome, angesema nini? Asiyeweza kujibu bila kwanza kuuliza nani alishinda hajafikia hoja. Bado yuko kwenye ushabiki, kama yule wa Gor na AFC ambaye kwake penalti ni halali ikiwa ya timu yake tu.

Mahali pekee nilipowahi kuona mambo yakienda kinyume na hivyo ni darasani, tena si chuoni. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka mmoja kabla, karo ilipoishinda familia. Agosti 9, 2022 nilikuwa wakala wa chama katika shule moja ya msingi huku Eastlands. Nilikipenda chama, na pesa za uwakala pia nilizihitaji. Wakala wa upande wa pili alikuwa mama wa makamo, muuzaji wa mitumba Gikomba. Kutwa nzima tuliviziana. Yeye akienda msalani anaacha mtu wa kunitazama. Mimi nikipigiwa simu anatega sikio.

Vituo vilifungwa saa kumi na moja jioni na hesabu ikaanza. Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua kura moja moja, anaionyesha kwa sote, kisha anaiweka kwenye rundo la mgombea. Usiku ukiwa umeiva, kura moja ikaleta shida. Aliyeipiga alikuwa ameweka alama ndefu iliyotoka kwenye kisanduku chake ikagusa mstari wa mgombea wa pili. Msimamizi akasita. Kama ingekubaliwa, ilikuwa ya upande wetu. Yule mama akasogea karibu na taa, akaitazama vizuri, akasema, "Huyu alimaanisha wao. Wawekee."

Baadaye tukinywa chai ya chupa yake nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukupinga?"

"Kijana wangu," akasema, "si saa mbili kulikuwa na yangu iliyokuwa hivyo hivyo, na mkaikubali? Nikikataa hii, ile yangu nitaitetea na nini?"

Nimesoma makala mengi kuhusu demokrasia kabla ya hapo na baada ya hapo, na sijapata kusikia haki ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Hakusema ananipenda. Hakusema mgombea wangu ni mtu mzuri; nakumbuka aliwahi kuniambia kwamba tukimchagua atauza hadi Mlima Kenya. Hakuja katikati hata hatua moja. Alichokubali ni kwamba kipimo alichotumia kuokoa kura yake kilikuwa halali pia kinapomnyima.

Alfajiri msimamizi alijaza Fomu 34A. Mama alitia sahihi, mimi nikatia, mawakala wengine wakatia, nakala moja ikabandikwa mlangoni. Kulikuwa na vituo 46,229 kama chetu. Picha za fomu zikawekwa wazi kwenye tovuti ya tume, na yeyote mwenye simu na bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Siku sita baadaye, pale Bomas, tume iligawanyika mara mbili. Mwenyekiti alitangaza Ruto kura 7,176,141 na Raila 6,942,930, na makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Nchi nzima ilibishana, na kulikuwa na sababu za kubishana. Lakini kelele za Bomas hazikubadilisha nambari iliyokuwa kwenye mlango wa darasa letu. Kama kungekuwa na mtu aliyedai nambari nyingine, mimi na yule mama tungesimama upande mmoja kumpinga, kisha tuendelee kutukanana.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya msingi wa pamoja na zile picha za kwenye ngazi. Maelewano ya wakubwa hupangwa ili asiwepo anayeshindwa: huyu apate wizara, yule apate ubalozi, kesi za yule mwingine zipoe. Maelewano yetu darasani yalikubali tangu mwanzo kwamba mmoja wetu atashindwa, na kwamba ataona kwa macho yake jinsi alivyoshindwa. Kile tulichokuwa nacho pamoja ni kipimo ambacho kingeweza kutuumiza. Nadhani hicho ndicho msingi pekee ambao mahasimu wa kweli wanaweza kuwa nao, na ndicho wanasiasa wetu wanaepuka kila wanapoitisha kamera.

Kuna atakayeniambia: hayo ni rahisi kwa wakala, lakini mambo ya "mtu wetu" si ujinga. Nakubali. Mtu wa kijijini anayempigia kura mwenzake wa kabila hajapumbazwa. Amesoma historia kwa tumbo lake. Waraka wa serikali, Sessional Paper Namba 10 ya 1965, ulisema pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka: ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme. Waliokuwa navyo wakaongezewa, na wa kaskazini wakaambiwa wasubiri. Katika nchi ya namna hiyo, kuwa na mtu wako Ikulu ni bima. Ukimwambia mtu aitupe bima yake kwa ajili ya haki ya mizani, lazima kwanza umwonyeshe atakachokula akishindwa.

Ndiyo maana naiheshimu sana Katiba ya 2010, pamoja na mapungufu yake. Ilisema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, haijalishi nani yuko Ikulu wala ulimpigia nani. Tafsiri yake ni kwamba sheria ilipunguza bei ya kushindwa. Turkana inapata mgao bila kumwinamia mtu. Pesa nyingine zinaibwa na magavana, najua, lakini hata huo wizi sasa tunaweza kuupima kwa sheria moja kutoka Lodwar hadi Kwale. Katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Ruto aliongoza kampeni ya la. Miaka 12 baadaye aliapa kuilinda Katiba hiyo hiyo. Wengine hucheka wakitaja hilo. Mimi naona ni sifa ya ile Katiba: imara kiasi kwamba hata aliyeipinga ilibidi aingie kwa mlango wake.

Na kizazi chetu? Juni 2024 tulisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Watu wazima walishangaa tulivyoungana. Walidhani tumepona ukabila usiku mmoja. Nilivyoona mimi, tuliungana kwa sababu kwa mara ya kwanza wengi wetu tulikuwa tunasoma karatasi moja. Mswada ulikuwepo kwenye simu. Watu walieleza vipengee vyake kwa Kiswahili, Sheng, Dholuo, Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine. Ushuru wa asilimia 16 kwa mkate uliwekwa mezani, na mkate hauna kabila. Serikali iliondoa kipengee hicho kabla ya kura, lakini tayari tulikuwa tumezoea kuuliza "imeandikwa ukurasa gani?" Hilo ndilo swali lililotuunganisha.

Rais alipokataa kuutia sahihi mswada, karatasi iliondoka mezani. Kufikia Oktoba, Gachagua alipotimuliwa, majina yalikuwa yamerudi. Grupu zile zile zilizokuwa zikinukuu vipengee zilianza tena kuulizana nani ni wa mlimani na nani ni wa bonde. Sioni kwamba tulikuwa wanafiki mwezi wa Juni. Naona tu kwamba umoja wetu ulikuwa umeshikiliwa na kitu cha kusoma pamoja, na hatukutafuta kingine.

Wakati huo huo, kiti cha mwamuzi kilikuwa kitupu. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, tume ya uchaguzi haikuwa na mwenyekiti wala makamishna, kwa sababu ya mivutano ya mirengo na kesi mahakamani. Banissa, kule Mandera, mbunge wao alifariki Machi 2023. Walipata nafasi ya kumchagua mwingine Novemba 27, 2025. Miaka miwili na miezi minane watu wamelipa ushuru bila mtu bungeni. Ni wangapi kati yetu tulioandika hata chapisho moja kuhusu Banissa? Haikuwa habari ya mtu wetu wala ya adui yetu, kwa hivyo haikupata mashabiki. Ilikuwa habari ya mizani tu.

Oktoba 15, 2025 Raila alifariki nchini India. Rudi kwenye zile picha tatu nilizotaja mwanzo. Yeye yuko katika zote. Kwa karibu miaka 20, kila nchi ilipokwama, jibu lilikuwa kumtafuta Raila na kumpa mkono. Waliompenda na waliomchukia walikubaliana juu ya hilo. Sasa hayupo, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Vinara tayari wanatafuta nani atasimama upande wa pili wa picha ijayo. Napendekeza kwamba sisi tutumie muda huu kutafuta kitu tofauti.

Kitu chenyewe ni kidogo. Andika sasa, kabla hujajua nani atakuwa na nani, ni ushahidi gani utakufanya ukubali kwamba mrengo wako umeshindwa kwa haki. Andika pia ni kitendo gani cha mgombea wako kitakachokufanya umnyime kura. Ukishindwa kuandika chochote hapo, basi wewe ni mali ya mtu, na sijui utamdai nini akishaingia. Weka hayo maandishi mahali ambapo hasimu wako anaweza kuyaona. Nami yangu nimeyaandika, na nimemtumia yule mama wa Gikomba, ambaye bado ananitumia video za kumkashifu mgombea wangu kila Jumapili baada ya kanisa.

Wiki iliyopita niliuliza swali hilo kwenye grupu ya familia. Shangazi alijibu jioni: fomu zote zionekane, na mawakala wa pande zote wawe wametia sahihi. Mjomba hakuandika chochote. Siku tatu baadaye niliona kidole gumba chini ya ujumbe wa shangazi, na jina lililokiweka lilikuwa lake. Pengine kilimponyoka akiteremsha skrini. Hakijaondolewa.